Hodi ya Jumanne

Moroni,
Ijumaa, baada ya sala.

Dada yangu mpenzi Mwanaisha,

Amani ya Mungu ikufikie, na ikukute umekaa, maana wewe hukai. Vipi mgongo? Vipi shemeji na kifua chake, ameacha sigara au ameacha tu kuvuta mbele yako? Watoto wanasoma? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Nimekonda kidogo, na usitafute wa kumlaumu, ni mimi mwenyewe sijui kupika na uvivu wa kula peke yangu nao umeongezeka.

Kabla hujaendelea nakuomba kitu. Barua hii isome peke yako. Naijua kawaida ya nyumba yetu: barua yangu ikifika Mama anatandika mkeka, anavaa ile miwani isiyomsaidia kitu, majirani wanaitwa, na wewe unasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Safari hii usifanye hivyo. Nenda nayo jikoni, umwambie Mama kwamba Twahir ameandika mambo ya mashine matupu. Si uongo, nusu yake ni mashine. Nusu ya pili utajua mwenyewe namna ya kumpa. Katika nyumba yetu wewe ndiye uliyepewa ulimi wa kusema mambo mazito. Mimi nilipewa wa kujibizana.

Unakumbuka Mama alichoniagiza siku ninaondoka. Kila mtu aliagiza chake, wewe kitambaa, shemeji manukato, na yeye alinivuta pembeni akanishika mkono. "Nitafutie kaka yangu. Ukimkuta hai, mwambie aniandikie. Ukimkuta kaburini, msomee Fatiha, uniambie, nijue." Mjomba Hamadi, aliyetoka kwetu Malindi kwenda Majunga, Madagaska, kabla sisi hatujazaliwa, akarudishwa huku visiwani pamoja na wenzake wakati wa yale machafuko ya Majunga, na tangu hapo hatukupata kwake hata mstari mmoja. Habari zake ninazo sasa. Lakini niache nifike kwa mwendo wangu. Nikianza na mwisho, mwanzo utanishinda.

Nina mwaka na miezi minne hapa Moroni. Katika barua zilizopita nilikuandikia kwamba nimezoea, kwamba nina marafiki, kwamba Ijumaa hukosa nafasi kwa mialiko. Nilikuwa nakudanganya, dada. Nilikuwa naandika ule mji ambao ningependa uwe. Hakuna mtu aliyepata kunialika. Chumba changu kiko nyuma ya ofisi, kina mlango mmoja unaotokea uchochoroni na dirisha moja linalotazama ukuta. Saa nane ofisi inafungwa, watu wanarudi kwao, mimi napita mlango wa ndani na nimeshafika kwangu. Zipo siku nimemaliza kutwa nzima sikutamka neno ila "Allahu Akbar" msikitini na "mkate mmoja" dukani.

Lugha yao na yetu ni kama yule mtu unayemwona sokoni kwa nyuma, unadhani ni binamu yako, unamwita, akigeuka si yeye. Maneno nayasikia, nayajua, na maana inanipita. Wazee wachache wanajua Kiswahili, wale waliowahi kukaa Unguja, lakini hao nao wakiniona walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Mwaka wa kwanza nilingoja. Kwetu mgeni akihamia mtaani, jirani huja na sahani, hata kama sahani yenyewe ina vitumbua vitatu, na hapo mmekwisha kujuana. Nikangoja sahani. Haikuja. Walichokuwa nacho ni swali, na kila mtu aliniuliza hilo hilo: "Wewe wa nyumba gani?" Huku nyumba ni za wanawake. Mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa mkewe, na mtu akitaka kujua wewe ni nani hakuulizi baba yako, anakuuliza mjomba wako. Mimi nikajibu, kwa kiburi, kwamba ni Mngazija wa Unguja. Unguja tulikuwa tunaitwa Wangazija, tukakasirika. Huku naitwa Mzanzibari. Najua utacheka. Nami nilicheka wiki ya kwanza.

Uko uwanja hapo mbele ya uchochoro wangu, wenyewe wanauita bangwe, una mabaraza ya mawe kuzunguka, na wanaume wa mtaa hukaa hapo kila alasiri. Nilikuwa napita nasalimu, wanaitikia, nasikia mazungumzo yamekatika, nikishapita yanaanza tena. Nikajiambia hawa watu wana roho ngumu. Nikaacha kupita hapo, nikawa nazungukia nyuma ya msikiti. Nikajifungia na mashine yangu.

Sasa mashine yenyewe. Utanivumilia, maana bila hii hutaelewa. Kazi iliyonileta ni kuweka majina ya watu wote waliorudishwa kutoka Majunga ndani ya kompyuta moja, ili ijulikane nani yuko wapi na ana nini. Zamani yalikuwa kwenye kadi, makabati na makabati. Kompyuta hii wenyewe wanaiita seva, yaani mtumishi, kwa sababu kazi yake ni kukaa na majina na kumjibu anayeuliza. Kadi za Moroni tulizimaliza mwaka jana. Zilibaki za wale walioshushwa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili. Na watu wa Mutsamudu walikataa kata kata kuzileta. Walisema kitu kikienda Moroni hakirudi. Basi ikaamuliwa kadi zibaki kwao, na karani wao aziandike kutoka huko huko, kwa njia ya simu, ziingie katika seva yangu hapa.

Inakuwa hivi: yule karani anapiga simu, mimi naipokea, tunaamkiana, kisha kila mmoja analaza mkono wa simu yake juu ya kisanduku chenye vikombe viwili vya mpira. Visanduku vinapigiana mluzi, na mluzi ule ndio maneno. Chumba lazima kiwe kimya. Mlango ukigongwa, mtu akikohoa kwa nguvu, herufi zinavurugika na tunaanza upya. Kwa hiyo tulifanya alasiri, ofisi ikiwa tupu.

Na mimi nilikuwa na hamu na kadi hizo kuliko mtu yeyote. Majina ya Moroni nilikwisha kuyapekua yote, jina la Hamadi Shaha halikuwamo. Kama yupo, basi yuko Mutsamudu.

Utauliza kwa nini sikumwuliza mtu kwa mdomo. Niliuliza, mara moja. Nilimwuliza Mhadji, karani mwenzangu, mtu mzima wa Ikoni anayekuja kwa teksi kila asubuhi na kuilaani kila asubuhi. Nilimwambia, "Unamjua mtu anaitwa Hamadi Shaha?" Akaweka kalamu chini akautazama mlango.

"Nani anamtaka?"

"Mimi."

"Wewe kwa niaba ya nani?"

Hakungoja jibu. Akaniambia polepole, nakutafsiria: "Bwana Twahir, hapa jina la mtu likitajwa ofisini, watu wake hawali wakashiba. Usitaje majina."

Wale mamluki wa Kizungu walioingia kwa bahari mwaka wa sabini na nane hawakurudi kwao. Wao ndio maofisa wa ulinzi wa Rais, wamevaa nguo nyeusi, wana magari, na hakuna wa kuwauliza kitu. Serikali waliyoipindua ilikuwa rafiki wa Tanzania, na tangu hapo mtu mwenye jamaa upande wetu anatazamwa mara mbili. Nikaogopa. Nikawaza: nikisema ni mjomba wangu, nitamtia mzee wa watu matatani. Simu nazo zinasikilizwa. Nikaona bora ningoje kadi ziingie, nimwone mwenyewe kwenye kioo bila kumtaja kwa mtu.

Karani wa Mutsamudu ni mwanamke, Bi Zaharia, mjane, kwa sauti namkadiria miaka hamsini. Sijapata kumwona. Ananiamkia "Kwezi," nami ndiye mdogo! Nilimwambia hiyo ni ya mdogo kwa mkubwa, akasema mwenye mashine ndiye mkubwa. Nyuma yake nilikuwa nasikia mvua juu ya mabati, na watu wa bandarini wakipigizana kelele. Alikuwa akinieleza vichochoro vyao jinsi vilivyo vyembamba, kwamba wanawake wawili wakikutana na makapu mmoja lazima arudi nyuma, na hapo ndipo unapojua nani ana adabu. Dada, simu ile nilikuwa naila kidogo kidogo kama mkate, isiishe. Ndiyo sauti pekee iliyokuwa inaniuliza nimekula nini.

Lakini seva ilimkataa. Kila siku ilimkataa. Mluzi unalia vizuri, visanduku vinaelewana, halafu kwenye kioo chake linatokea neno moja la kumfukuza. Nikijaribu mimi kwa kibodi ya pili humu chumbani, inafungua bila taabu. Basi nikahukumu: kosa liko Mutsamudu. Kwanza nikasema ni waya wao. Halafu mvua. Halafu nikasema Bi Zaharia anakosea neno la siri, nikamtamkisha herufi moja moja kama mtoto wa chuoni, na yule mama akazitamka zote bila kununa. Miezi mitatu, dada. Miezi mitatu nilimlaumu mwanamke wa watu na waya wa watu.

Katika miezi hiyo nilikuwa na hasira za ajabu. Siku moja, ilikuwa Jumanne, tulikuwa tumeshafika mbali, mluzi umetulia, nikasikia mlango wa uchochoroni unagongwa. "Hodi! Hodi, wenyewe!" Herufi zikavurugika zote. Nikapiga kelele bila hata kuinuka kwenye kiti: "Nani huyo? Si sasa! Njoo kesho, nina kazi!" Nikasikia makubadhi yakiondoka taratibu. Kesho yake hakuja mtu, nikasahau.

Wakati huo huo akaja ofisini ofisa mmoja wa wale wazungu, kapteni, na miwani ya jua ndani ya nyumba. Akaizunguka seva kama anayenunua ng'ombe. Akamwambia mkubwa wangu kwamba Mutsamudu ikishaweza kuingia, kambi yake nayo iingie, wawe wanasoma majina kutoka huko huko. Mkubwa wangu akasema ndiyo. Mhadji aliinamia karatasi zake na hakuinua uso mpaka gari lilipoondoka.

Aliyenifumbua macho ni Bi Zaharia. Siku hiyo nilikuwa nimemgombeza tena, akaniacha nikamaliza. Akasema kwa upole wake: "Mwanangu Twahir, mimi nabisha hodi kila siku. Wewe umemwambia mwenye nyumba kwamba nakuja?"

Nilikata simu. Nikakitoa kile kitabu cha maelezo ya seva, cha Kifaransa, ambacho nilikuwa nimekisoma kwa kamusi na kuruka nilipochoka. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Nikafungua faili la mipangilio ya seva, mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo. Na uko pale, dada, mstari mmoja mfupi niliounakili mimi mwenyewe siku ya kwanza kutoka kwenye mfano wa kitabu: isikilize kibodi za chumba hiki tu. Ndivyo inavyotoka kiwandani, inajisikiliza yenyewe, mpaka mtu aiambie kwamba nje kuna watu. Mimi sikuiambia. Waya wa Mutsamudu ulikuwa mzima. Mvua haikuwa na hatia. Bi Zaharia hakukosea hata herufi moja.

Nikaubadilisha mstari. Chini yake kuna orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, unaandika kila mmoja na namba yake na jina lake. Nikaandika Mutsamudu. Nikaizima seva, nikaiwasha, maana haisomi maagizo mapya mpaka ilale na kuamka. Siku ya pili Bi Zaharia alipiga, tukalaza simu, na baada ya kitambo kidogo nikaona kwenye kioo changu jina linaandikika herufi moja moja, bila mtu kugusa kibodi chumbani. Abdallah fulani, mvuvi. Nililia. Nisikufiche, nililia kwa furaha, peke yangu, na sikuwa na wa kumwonyesha.

Ilichukua siku kumi na moja kufika herufi ya H. Kila alasiri nilikaa mbele ya kioo nikitazama majina yakija kutoka Mutsamudu. Hamadi wa kwanza siye. Wa pili siye. Wa tatu ikaja H, A, M, A, D, I, halafu S. Nikasimama.

Hamadi Shaha. Amezaliwa Unguja. Ameshushwa Mutsamudu kutoka Majunga. Fundi saa. Halafu mstari wa mwisho: amehamia Moroni, mtaa wa Badjanani, nyumbani kwa mke.

Dada, Badjanani ni hapa. Bangwe ile niliyoikimbia ndiyo ya Badjanani. Kibanda cha fundi saa nilikuwa nakipita mwaka wa kwanza wote kwenda kununua mkate.

Sikungoja Bi Zaharia amalize. Nilivaa kanzu nikatoka na mlango nikauacha wazi. Nikaenda moja kwa moja bangwe, nikasalimu, na kwa mara ya kwanza nikakaa. Wakanyamaza kama kawaida yao. Nikasema kwa sauti, na mamluki na wasikie wakitaka: "Namtafuta Hamadi Shaha, fundi saa. Ni mjomba wangu. Kaka wa mama yangu, tumbo moja."

Wazee wakatazamana. Mmoja, mwenye Kiswahili, akaniambia, "Mjomba wako wa damu? Na ulikuwa unakaa kule nyuma muda wote huu?" Akainuka akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka.

Alikufa, Mwanaisha. Siku ile ninayoingia kwake alikuwa na siku ishirini na tatu kaburini. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kaa kidogo, ulie, halafu uendelee.

Ameacha mke, mtu mnyamavu, hakunitazama usoni siku ile. Ameacha binti mmoja, Rukia, umri wake kama wangu, mwalimu wa shule, macho ya Mama kabisa. Rukia ndiye aliyenieleza, na alinieleza kwa hasira, nami sikumlaumu.

Alisema baba yake alikwisha kusikia zamani kwamba kwenye ofisi ya majina kuna kijana wa Unguja. Alikuwa anataka kuja kuniuliza tu, kama namjua mtu yeyote wa Malindi, kama najua habari za dada yake. Alikuwa ameandika barua mbili, zikarudi. Ni sisi tulikuwa tumeshahamia Michenzani, dada, na hakuna aliyebaki Malindi wa kuzipokea. Lakini mtaa mzima walimkataza kuja. "Walisema unaandika majina ya watu kwa ajili ya wazungu," Rukia akaniambia. "Mtu hatoki kwake, haketi na watu, hana mjomba, amejifungia na mashine, na gari la wazungu linasimama mlangoni kwake. Ulitaka tuseme nini?"

Mimi nilikuwa nangoja sahani, na wao walikuwa wananiogopa.

Akaendelea. "Mwisho alichoka kukatazwa. Siku ya Jumanne, baada ya adhuhuri, akavaa kofia yake mpya akaenda. Tukakaa roho juu. Akarudi anacheka."

"Anacheka?"

"Alisema, amenifukuza! Amenifukuza kwa Kiswahili cha Malindi, vile vile anavyofukuza paka dada yangu. Nitakwenda tena kesho, ameniambia kesho."

Kesho yake asubuhi mkono na mguu wa kulia haikumsikia. Alilala siku tisa. Rukia alitaka kuja kuniita, mama yake akamzuia, akamwambia, unataka na jina lako liandikwe? Hilo nalo sikulilaumu. Nimehesabu mara nyingi, usinikataze maana nimekwisha kujikataza mwenyewe: ule mstari mmoja ningeuona miezi miwili kabla, ningemkuta kwenye kibanda chake na saa ya mtu mkononi. Au ningeinuka kwenye kiti. Hilo lilikuwa dogo zaidi, lilitaka hatua nne. Nimezipima.

Tangu siku hiyo nakwenda kwao kila jioni. Sijazoeleka bado. Rukia hunipa chai na kunisahihisha lugha, mama yake huniachia mataba, yaani kisamvu chao cha nazi, kwenye sahani iliyofunikwa, na kuondoka kabla sijamshukuru. Watu wa bangwe wananisogezea nafasi, lakini mazungumzo bado yanakatika kwanza ninapofika. Arobaini yake ni wiki ijayo, na wamenipa kazi ya mtoto wa dada, kukaa mlangoni na kupokea wageni. Mtu niliyemfukuza mlangoni kwangu nitampokelea wageni kwake. Fikira hiyo sipendi kukaa nayo usiku.

Kuhusu yule kapteni: orodha ya wanaoingia bado ina jina moja, Mutsamudu. Nimemwambia mkubwa wangu kwamba waya wa kambini una kelele na seva inaukataa, na kwa kuwa walinizoea miezi mitatu nikilaumu waya, ameniamini. Mhadji alinisikia nikisema hivyo. Asubuhi yake aliniletea ndizi za kwao Ikoni. Wakigundua watanifukuza, nami mtaniona hapo mlangoni na begi langu. Barua hii nimempa mtu anayepanda ndege kwenda Dar, haipiti posta, ndiyo maana nimeandika nilivyoandika. Ukishaisoma ichome.

Nisalimie shemeji yangu mwenye nyumba. Nisalimie Bi Kidawa jirani, mlezi wetu, mwambie kisamvu chake bado hakijashindwa. Wabusu wapwa wangu wawili, Maryam mwenye meno mapya na Seif asiyependa kuoga. Msalimie Mwalimu Juma wa chuoni aliyenifundisha kusoma, umwombe amsomee hitima Hamadi bin Shaha, na mama wa Hamadi ni Bibi yetu, jina lake analijua.

Na Mama. Mfukizie udi kwanza, mkalishe, mwambie taratibu. Mwambie amezikwa vizuri, watu walikuwa wengi, na kaburi lake nimelisomea. Mwambie aliandika, mara mbili. Mwambie ana binti. Na akikuuliza, maana atakuuliza, kama nilimwona kaka yake, usimdanganye. Mwambie sikumwona. Nilimsikia tu. Alikuwa mlangoni, anapiga hodi kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa nzima.

Ni mimi ndugu yako mdogo, mtoto wa dada yake Hamadi Shaha,

Twahir